Malipo ya Likizo ya Uzazi kwa Mama Mfanyakazi: Mwongozo kwa Walioajiriwa Malindi na Vitongoji Vyake

Kwa kuwa wanajua kwamba niliwahi kuwa karani wa mishahara hotelini, wanawake wa hapa Malindi huniuliza swali moja kuliko mengine yote: zile pesa za uzazi za serikali huchukuliwa ofisi gani? Jibu langu huwavunja moyo kwanza. Nchini Kenya hakuna ofisi ya serikali inayomkabidhi mama mfanyakazi fedha taslimu kwa sababu amejifungua. Kilichotolewa na serikali ni sheria, na sheria hiyo inamwagiza mwajiri amlipe mama mshahara kamili kwa miezi 3. Anayekwenda kupanga foleni NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, kudai fao la uzazi atarudi mikono mitupu, kwani NSSF yetu, kwa mujibu wa sheria yake ya mwaka 2013, hulipa mafao ya uzee, ya ulemavu, ya warithi, ya mazishi na ya anayehama nchi moja kwa moja, na uzazi haumo katika orodha hiyo.

Mkanganyiko huu una asili yake. NSSF ya Tanzania inalo fao la uzazi kwa mwanachama aliyetimiza michango inayotakiwa, na jamaa zetu wa Tanga wakija arusini huleta habari hizo kana kwamba ni za pwani nzima. Waitaliano waliohamia Malindi nao huwasimulia wafanyakazi wao kwamba kwao mama hupumzika miezi 5, na shirika la hifadhi ya jamii la nchi yao humlipa asilimia 80 ya mshahara. Shirika la Kazi Duniani, katika Mkataba namba 183 wa mwaka 2000, linataka likizo isiyopungua wiki 14 na linataka fedha zake zitoke katika bima ya jamii au mfuko wa umma, pasipo kumbebesha mwajiri mmoja mzigo wote. Mimi naona mkataba huo una haki, maana mzigo ukimwelemea mwenye hoteli ndogo ya vyumba 12, ndipo anapoanza kuwauliza wasichana wanaoomba kazi kama wana mpango wa kuolewa, na kumnyima mtu kazi kwa jibu la swali hilo sheria yetu inakuhesabu kuwa ni ubaguzi. Lakini tukisubiri mfuko huo uundwe watoto watazaliwa, kwa hiyo na tuishike sheria iliyopo.

Hatua ya kwanza: hakikisha kwamba wewe ni mfanyakazi mbele ya sheria

Haki ya likizo ya uzazi imewekwa na kifungu cha 29 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, na kifungu hicho hakikuweka muda wa kungojea. Aliyeajiriwa miaka 10 iliyopita na aliyeajiriwa mwezi uliopita akiwa tayari na mimba wana haki ileile ya miezi 3 yenye malipo kamili. Mwajiri anayesema kwamba likizo ya uzazi ni ya waliomaliza mwaka mmoja anaichanganya na likizo ya mwaka, ambayo ndiyo inayohitaji miezi 12 ya utumishi.

Yaya na dada wa kazi wa nyumbani wamo katika sheria hii sawasawa na mhudumu wa mapokezi wa hoteli. Jambo hili nalisisitiza kwa sababu nyumba nyingi za Malindi, zikiwamo za watu waungwana wasiokusudia dhuluma, bado huamini kwamba dada akijifungua anarudi kwao Ganze au Magarini na safari yake imeishia hapo.

Kwa vibarua mambo yanahitaji uangalifu zaidi. Mwanamke anayekokota chumvi Gongoni au Marereni na kulipwa kwa siku huambiwa kwamba kibarua hana likizo. Kifungu cha 37 cha sheria hiyohiyo kinasema kwamba kibarua akifanya kazi kwa siku mfululizo ambazo jumla yake haipungui mwezi 1, au akipewa kazi ambayo kwa hali ya kawaida haiwezi kumalizika kabla ya siku zinazofikia miezi 3, ajira yake inahesabiwa kuwa ya mwezi. Na akiendelea miezi 2 au zaidi tangu siku ya kwanza, anapata masharti yote ya sheria kama mfanyakazi mwingine. Ugumu uko katika kuthibitisha siku hizo, nami nitalirudia hilo katika hatua ya pili.

Mwenye mkataba wa muda maalumu ausome mwisho wake kwanza. Mkataba wa Julai hadi Machi ukifika tarehe yake, kwa kawaida wajibu wa mwajiri unaisha nao, hata kama likizo ya uzazi ilikuwa bado wiki 3. Walimu walioajiriwa na TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu, wana masharti bora zaidi: makubaliano yao ya mwaka 2021 yaliongeza likizo ya uzazi kutoka siku 90 hadi siku 120. Wafanyakazi wa hoteli walio chini ya chama cha wafanyakazi cha KUDHEIHA nao waombe nakala ya makubaliano yao na mwajiri, kwa kuwa sheria imeweka kiwango cha chini tu na hakuna kinachozuia makubaliano kupanda juu yake. Anayeasili mtoto anayo likizo ya mwezi 1 yenye malipo kamili, iliyoingizwa katika sheria mwaka 2021, na baba aliyeajiriwa anazo wiki 2.

Mama anayejiajiri, awe mwuza mahamri, fundi wa nguo au msusi, hana mwajiri wa kumdai. Kwake msaada wa serikali umo katika gharama za kujifungua tu, na aruke hadi hatua ya tano.

Hatua ya pili: kusanya ushahidi kabla tumbo halijakuzuia kuzunguka

Tafuta nakala ya mkataba wako, hati za mshahara za miezi 6 ya karibuni, na kitabu cha kliniki chenye tarehe ya matarajio ya kujifungua. Kama hukupewa mkataba wa maandishi, usikate tamaa; kazi ya miezi 3 au zaidi inapaswa kuandikiwa mkataba, kazi ya kuuandika ni ya mwajiri, na shauri likifika mbele akashindwa kuutoa, ni yeye anayebeba mzigo wa kukanusha unachodai kuhusu masharti yako.

Kibarua anunue daftari la shilingi chache, aandike kila siku tarehe aliyofanya kazi, jina la msimamizi na kiasi alicholipwa. Aliyelipwa kwa M-Pesa asifute ujumbe hata mmoja, na anaweza pia kuomba taarifa ya miamala yake yote. Niliwahi kuona daftari la namna hii likiwa limelowa maji ya chumvi na kurasa zake zimegandamana, mama mwenyewe akizibandua polepole kwa ncha ya kisu juu ya meza; siku zilizosomeka zilizidi 70, nazo zilitosha.

Hatua ya tatu: andika barua

Hapa ndipo wengi wanapopotea, na laiti msomaji angekumbuka hatua moja tu ya mwongozo huu, ningependa iwe hii. Sheria haikusema tu kwamba mama ana haki. Ilisema pia kwamba haki hiyo anaipata akitoa taarifa ya maandishi, isiyopungua siku 7 kabla ya kuondoka, inayotaja tarehe ya kuanza likizo na nia yake ya kurudi kazini. Muda unaweza kupungua chini ya siku 7 iwapo hali halisi inalazimu, kwa mfano uchungu ukianza kabla ya wakati, lakini sharti la maandishi halikuondolewa.

Nalisema hili kwa kuwa lilinipata mwenyewe. Nilikuwa nikiandaa mishahara ya watu zaidi ya 60, nikijua kila karatasi inayohitajika, na barua yangu mwenyewe sikuiandika. Meneja wa wakati ule alikuwa mtu mwema. Nilimweleza kwa mdomo, akanipa hongera na kuniambia niende nikapumzike. Mwezi haukuisha, hoteli ikabadilisha uongozi. Meneja mpya alilikuta jina langu katika orodha bila karatasi yoyote nyuma yake, akaandika kwamba nimetoroka kazi, na mshahara wa mwezi wa pili haukuingia. Nilikuwa ndani ya arubaini, sitoki nje. Ikabidi shangazi yangu ndiye ahangaike huku na huko na kitabu changu cha kliniki ndani ya mfuko wa plastiki. Kilichoniokoa ni ujumbe mfupi wa simu niliokuwa nimemtumia msaidizi wa meneja nikimtajia tarehe, ambao hata sikumbuki kwa nini niliuandika. Nililipwa baada ya miezi 4, kwa msaada wa afisa wa kazi.

Barua yenyewe haihitaji wakili wala maneno makubwa, wala sheria haikutaja lugha. Hii inatosha:

Kwa Meneja wa Wafanyakazi,

YAH: TAARIFA YA LIKIZO YA UZAZI

Mimi, (jina kamili), nambari ya kitambulisho (…), niliyeajiriwa katika idara ya (…), ninakuarifu kwamba nitaanza likizo yangu ya uzazi tarehe 2 Machi, kwa mujibu wa kifungu cha 29 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Likizo hiyo ya miezi 3 itamalizika tarehe 1 Juni, nami ninakusudia kurudi kazini tarehe 2 Juni. Nimeambatanisha cheti kutoka kliniki kinachoonyesha tarehe ya matarajio ya kujifungua. Naomba mshahara wangu uendelee kuingizwa katika akaunti ileile.

Wako mwaminifu,
(sahihi, tarehe, nambari ya simu)

Cheti si lazima ukitoe mpaka mwajiri akitake, na anapokitaka kinaweza kuandikwa na daktari au na mkunga aliyehitimu. Mimi hushauri kiambatanishwe tangu mwanzo ili kisiwe sababu ya kucheleweshana. Andika nakala 2. Moja mwachie mwajiri, na ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa au iwekwe sahihi na tarehe na yule aliyeipokea, kisha uende nayo nyumbani. Akikataa kuweka sahihi, usigombane naye. Ipige picha barua hiyo, umtumie kwa WhatsApp au baruapepe, au uipeleke posta kwa rejista na uhifadhi risiti. Ukijifungua kabla hujaandika, mtu wa nyumbani aipeleke barua kwa niaba yako siku hiyo au kesho yake.

Hatua ya nne: hesabu siku na shilingi

Miezi 3 si wiki 12. Wiki 12 ni siku 84, na likizo inayoanza tarehe 2 Machi na kuishia tarehe 1 Juni ina siku 92. Nimewaona makarani wenzangu wakimwita mama kazini siku 8 kabla, mara nyingine kwa uzembe tu wa kuhesabu, na mama mwenyewe akaitika kwa kuwa hakuwahi kufungua kalenda. Sheria pia haikugawa siku ngapi ziwe kabla ya kujifungua na ngapi baada. Tarehe ya kuanza ni ya kuchagua kwako, nao wengi wa hapa hufanya kazi mpaka wiki ya mwisho ili muda mrefu zaidi waumalizie na mtoto.

Mshahara kamili maana yake ni mshahara uleule ambao ungelipwa kama ungekuwa kazini, pamoja na posho ya nyumba. Bakshishi za wageni hazimo, kwa kuwa si mwajiri anayezilipa. Na kwa mhudumu wa meza mwenye kutegemea bakshishi pigo hilo ni kubwa kuliko linavyoonekana katika karatasi, kwa hiyo aanze kuweka akiba mapema. Makato ya kawaida nayo yanaendelea. Tuchukue mfano wa mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 18,000 na posho ya nyumba ya shilingi 2,700, jumla 20,700. Michango yake ya NSSF ni asilimia 6, yaani 1,242. Bima ya afya ya jamii ni asilimia 2.75, yaani 569.25. Tozo ya nyumba za bei nafuu ni asilimia 1.5, yaani 310.50. Kodi ya mapato haimfikii katika kiwango hicho. Atabakiwa na shilingi 18,578.25 kila mwezi, na kwa miezi 3 yote shilingi 55,734.75. Aandike hesabu hiyo nyuma ya nakala ya barua yake, na kila mwisho wa mwezi ailinganishe na kilichoingia benki.

Likizo ya mwaka, ambayo haipungui siku 21 za kazi, haipotei kwa kuwa umechukua ya uzazi. Sheria ya zamani, iliyotumika kabla ya hii ya 2007, ilitoa miezi 2 tu na kumnyima mama likizo yake ya mwaka huo, na nadhani ndiyo sababu mameneja wa umri fulani bado husema kwa uhakika kabisa kwamba huwezi kupata zote mbili. Wanakumbuka vizuri sheria iliyokwisha kufutwa. Kwa ridhaa ya mwajiri unaweza kuunganisha likizo ya mwaka mwishoni mwa ile ya uzazi, na ukiugua unaweza kuingia moja kwa moja katika likizo ya ugonjwa. Katika hali zote hizo, haki yako ya kurudi katika nafasi yako inasogea mpaka siku ya mwisho ya nyongeza hiyo.

Hatua ya tano: gharama za kujifungua

Hapa ndipo fedha za umma zinapoingia, ingawa hazipiti mkononi mwa mama. Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imechukua nafasi ya NHIF, bima ya hospitali ya zamani, na ule mpango wa Linda Mama wa kujifungua bila malipo tuliouzoea ukaondoka pamoja nayo, nafasi yake ikachukuliwa na Linda Jamii. SHA huilipa hospitali shilingi 10,000 kwa uzazi wa kawaida na shilingi 30,000 kwa uzazi wa upasuaji, mradi hospitali iwe na mkataba nayo na michango ya mama iwe imelipwa. Kinachozidi viwango hivyo katika hospitali ya binafsi unadaiwa wewe, kwa hiyo uliza bei mapema, tena uulize bei ya upasuaji hata kama hutarajii kupasuliwa.

Aliyeajiriwa hukatwa michango yake kwenye mshahara, lakini kukatwa si kuwasilishwa. Ipo michango inayoishia katika akaunti ya mwajiri, na mama huligundua hilo akiwa dirisha la malipo la hospitali, mtoto begani. Piga *147# ukiwa na mimba ya miezi 6 au 7, uangalie kama usajili wako u hai na michango imefika. Ikiwa haikufika, mwambie mwajiri kwa maandishi ukiwa bado una miezi miwili mkononi. Anayejiajiri hujisajili kwa nambari hiyohiyo, akaulizwa maswali kuhusu hali ya maisha yake ndipo apangiwe mchango, ambao haupungui shilingi 300 kwa mwezi na hulipwa wa mwaka mzima kwa pamoja. Asingojee uchungu ndipo ajisajili.

Ukitoka hospitalini dai ile hati ya taarifa ya kuzaliwa, uitumie kupata cheti cha kuzaliwa kabla ya miezi 6 kupita, kwa sababu baada ya hapo usajili unahesabiwa kuwa wa kuchelewa na masharti yake huongezeka. Cheti hicho ndicho utakachomwandikishia mtoto katika bima yako.

Msimu wa kusi

Miji mingi haina tatizo hili, ila Malindi na Watamu tunalo kila mwaka. Kusi, yaani upepo wa kusini, ikiingia, kati ya Aprili na Juni, wageni hupungua, hoteli kadhaa hufunga kabisa na wafanyakazi hupelekwa likizo bila malipo. Mama ambaye likizo yake ya uzazi imeangukia miezi hiyo huambiwa kwamba, kwa kuwa hoteli nzima imefungwa na hakuna anayelipwa, naye pia hatalipwa.

Hoja hiyo ina sura ya haki lakini haina mguu wa kisheria kwa mama aliye na ajira inayoendelea. Aliyekwisha kuanza likizo ya uzazi yuko katika likizo yenye malipo kamili iliyowekwa na sheria, na mwajiri hawezi kuigeuza kuwa likizo bila malipo kwa tangazo la ubaoni. Kwa hiyo angalia tarehe. Ukijua kwamba hoteli hufunga Aprili mosi na wewe unatarajia kujifungua katikati ya Aprili, peleka barua mwezi Machi kabla tangazo halijabandikwa, na usiweke sahihi katika karatasi yoyote ya kukubali likizo bila malipo kwa miezi hiyo, hata kama wenzako wote wameweka. Mwajiri akisema anapunguza wafanyakazi, huo ni utaratibu mwingine wenye masharti yake: taarifa isiyopungua mwezi 1 kwa mfanyakazi au chama chake na kwa afisa wa kazi, na kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimia. Na hauruhusiwi kutumiwa kuwachuja wajawazito.

Fedha zisipoingia

Anza kwa kuandika tena. Barua fupi inayotaja tarehe ya barua ya kwanza, mwezi ambao haukulipwa na kiasi kinachodaiwa hufanya kazi zaidi kuliko simu 20 kwa mhasibu. Mpe siku 7. Zikipita, nenda kwa afisa wa kazi hapa Malindi ukiwa na nakala zako zote. Malalamiko hupokelewa bila ada, na mara nyingi barua moja kutoka ofisi hiyo humfanya mwajiri alipe. Mwanachama wa chama cha wafanyakazi ampitie kwanza mwakilishi wake.

Ukifukuzwa kazi kwa ajili ya mimba, au kwa sababu yoyote iliyofungamana na mimba, sheria imekwisha kusema katika kifungu cha 46 kwamba hiyo si sababu halali. Hapo kuna mtego wa muda. Malalamiko ya kufukuzwa yanapaswa kumfikia afisa wa kazi ndani ya miezi 3 tangu siku ya kufukuzwa, na aliyepokea barua hiyo mwanzoni mwa likizo yake, akaamua kungoja arubaini iishe na mtoto apate nguvu, hukuta miezi hiyo imekwisha. Mtume ndugu na barua iliyotiwa sahihi yako. Kwenda mahakamani muda ni mrefu zaidi, miaka 3, na mahakama ikiridhika inaweza kuamuru fidia ya hadi mishahara ya miezi 12. Mwenye mshahara usiozidi shilingi 80,000 kwa mwezi kesi yake husikizwa na hakimu aliyeteuliwa kwa mashauri ya kazi, na anayezidi hapo huenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo nayo inakaa hapahapa Malindi.

Kurudi kazini

Unaporudi, nafasi yako ni ileile uliyoiacha au nyingine inayolingana nayo, kwa masharti yasiyo duni. Aliyekuwa mapokezi akarudishwa kufua mashuka kwa mshahara pungufu hajarudishwa, na alalamike kwa njia zilizoelezwa hapo juu.

Jambo linalosahaulika ni maziwa. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyesha au kukamulia maziwa, penye pa kunawia mikono, jokofu au chombo cha kupozea, meza ndogo na kiti cha kukalia vizuri, na inampa mama mapumziko ya jumla isiyozidi saa 1 katika kila saa 8 za kazi, mbali na saa ya chakula. Hotelini majokofu hayakosekani, kinachokosekana ni ruhusa. Siku uliyorudi, kabla ya zamu, mwandikie msimamizi nyakati utakazotoka, kwa mfano saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, nusu saa kila mara, na umwombe akuonyeshe rafu ya kuweka chupa. Chupa ziandikwe jina na tarehe kwa kalamu isiyofutika, kwa sababu wapishi hawaulizi wanapotafuta maziwa ya chai.